Chagua Kichezeo cha Mtoto kama Uchaguavyo Jembe

Na Karani wa Kilimo, Free Area, Nakuru

Mkulima akienda dukani kununua jembe hanunui rangi. Hulishika mkononi alipime uzito, huligonga asikie mlio wake, hulitazama tundu kama mpini utashika sawasawa. Akiridhika ndipo atoapo fedha. Lakini mtu yule yule akipita sokoni na kuona kichezeo cha mtoto, hutoa fedha kwa sababu kinang'aa na kulia. Baada ya siku chache kichezeo kimevunjika, na vipande vyake vimo kinywani mwa mtoto.

Mwezi huu tutazungumza juu ya kichezeo cha mbao kimfaacho mtoto wa mwaka 1 hadi 3, yaani yule anayejifunza kutembea na kutia kila kitu kinywani. Huenda baadhi yenu mtauliza: Je, jambo hili lahusu nini gazeti la wakulima? Lahusu sana, nami nitaeleza sababu.

MTOTO HAKOSI CHA KUCHEZEA

Mtoto wa umri huo hakai bure. Usipompa kitu cha kuchezea, atajitafutia mwenyewe. Sisi tukaao Free Area twajua jinsi nyumba zetu zilivyo: mahali pa kulala, banda la kuku, kibanda cha ng'ombe mmoja na mahali pa kuwekea dawa, vyote vimo katika ua mmoja mdogo. Basi mtoto akitafuta, atapata nini? Atapata kopo la dawa ya kupe, kifuniko cha chupa ya dawa ya viazi, betri iliyokwisha nguvu, au msumari uliopinda. Pengine ndugu zake wakubwa wametengeneza gari kwa chupa ya dawa na magurudumu ya vifuniko vyake. Wao wanajua kulivuta, lakini mdogo wao analilamba.

Chupa ya dawa haiwi safi kwa kuwa imekwisha. Mabaki machache yaliyoshika kwenye kifuniko yaweza kumdhuru mtoto mwenye uzito wa kilo 10. Chupa ikiisha, isuuze mara 3 na maji yake uyamimine ndani ya bomba la kunyunyizia, uyatumie shambani pamoja na dawa. Kisha itoboe isitumiwe tena na mtu yeyote, uihifadhi mahali palipofungwa mpaka ipelekwe panapokusanywa chupa za namna hiyo. Isiwe kikombe, isiwe taa, wala isiwe gari la mtoto.

Kwa hiyo kichezeo kizuri si anasa. Ni kinga, kama vile ua ulivyo kinga ya mahindi.

KWA NINI MBAO, TENA ILIYO SAHILI

Vichezeo vingi vilivyo na taa na sauti vina betri ndogo bapa, mfano wa kitufe cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali saa ile ile. Kipande cha mbao hakina betri, hakipasuki kwa urahisi kuwa vigae, na kikichakaa hupigwa msasa kikawa kipya.

Tena usahili humfundisha mtoto. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa habari za Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani aliyefungua mahali pa kuwafunza watoto wadogo mwaka wa 1837. Miongoni mwa vitu alivyowapa ni vipande vya mbao vya kujengea. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani na UNICEF huwashauri wazazi wampe mtoto wa mwaka 1 hadi 2 vitu vya kupandanisha, na vya kutia ndani ya chombo na kuvitoa tena. Kichezeo kinachojiendesha chenyewe hucheza, na mtoto hutazama. Kipande cha mbao hakifanyi kitu mpaka mtoto akifanyie kazi kwa mikono na akili yake.

MBAO GANI YAFAA

Eneo letu halina uhaba wa mabaki ya mbao. Elburgon na Molo ni miji iliyojulikana kwa viwanda vya mbao, na karibu kila mtaa wa Nakuru una fundi seremala. Saipresi iliyokauka yafaa, kwa kuwa ni nyepesi na hulainika vizuri. Jakaranda nayo yafaa; wachongaji wa vinyago wa Kenya huitumia kwa kuwa hukatika kwa urahisi. Mkaratusi una nguvu, lakini hupasuka na kupinda ukikauka, basi uache kwa nguzo.

Kuna mbao ambazo hazifai hata kidogo:

1. Mabaki ya nguzo za umeme au za ua zilizotiwa dawa. Nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi. Dawa hiyo huwa na shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu kali. Usimpe mtoto, wala usiipikie.

2. Mbao iliyopakwa oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa.

3. Mbao ya mlango au kitanda cha zamani yenye rangi inayobambuka.

4. Mti wenye utomvu mweupe wa jamii ya euforbia, kama ile iliyo mingi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Utomvu wake huunguza ngozi na kuharibu macho.

MAJARIBIO MANNE

Ukishika kichezeo mkononi, kijaribu hivi kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni kifuniko cha soda. Kile kifuniko cha bati kina upana wa milimita 32 hivi, karibu sawa na kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi kupimia vitu vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kitu chochote kinachoweza kupita katika duara la ukubwa huo ni kidogo mno. Mpira au tufe liwe kubwa zaidi, lisipungue milimita 45, maana kitu cha mviringo huziba koo upesi. Kwa sababu hiyo usinunue kayamba dogo lililotiwa mahindi au maharagwe ndani. Likipasuka, punje zote zitakuwa mbele ya mtoto.

La pili ni kuvuta. Kama kina magurudumu au masikio ya sungura, yavute na kuyapinda kwa nguvu zako. Kiwango cha Ulaya hutaka sehemu kama hizo zistahimili kuvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 9, ambao ni kama ndoo yenye lita 9 za maji. Gurudumu lililoshikwa kwa msumari hung'oka, na ukabaki msumari. Afadhali ekseli ya mbao iliyopigiliwa na kutiwa gundi.

La tatu ni kuangusha. Kiangushe mara 5 juu ya sakafu ya saruji kutoka urefu wa sentimita 85, yaani juu kidogo ya meza. Kikipasuka dukani, ni heri kuliko kupasuka nyumbani. Mwenye duka akikataa, amekwisha kukujibu.

La nne ni kitambaa. Pitisha soksi kuukuu pande zote na pembe zote. Ikinaswa mahali, hapo pana kibanzi.

Kamba ya kuvutia isizidi shubiri moja ya mtu mzima, yaani sentimita 22 hivi, wala isiwe na kitanzi. Kamba ndefu huweza kumzunguka mtoto shingoni.

RANGI NA MAFUTA

Rangi nyekundu na ya manjano hupendeza macho, lakini rangi nyingine zina madini ya risasi. Mtoto akiilamba kidogo kidogo, risasi hudhuru ubongo wake, naye hatalia wala kupata homa ya kukuonya. Utaona baadaye, akiwa mzito wa kujifunza shuleni. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kiwango cha Kenya hakiruhusu rangi kuwa na risasi kupita sehemu 90 katika kila sehemu milioni, lakini kwa kutazama tu huwezi kujua fundi wa kando ya njia alitumia kopo gani.

Msidhani kwamba jambo hili ni la nchi za mbali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na mwaka wa 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha haki yao. Fedha hizo haziwezi kumrudishia mtoto akili iliyoharibika.

Basi shauri langu ni hili: usipake rangi. Pangusa mbao kwa mafuta kidogo ya alizeti, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta hayo, uiache siku chache ikauke. Usitumie vanishi ya samani.

JINSI YA KUMWAGIZA FUNDI

Huna haja ya fedha nyingi. Nenda kwa fundi umwambie: "Fundi, naomba kipande cha saipresi kavu cha inchi 2 kwa 2, urefu wa futi 3, kisichotiwa dawa. Nikatie vipande 8 vya inchi 2 na vipande 4 vya inchi 4, na pembe zote uzivunje." Hesabu inatosha, na inchi chache zitakazobaki zitaliwa na msumeno. Fundi akipiga randa, vipande vitapungua kidogo, lakini bado vitakuwa vikubwa kuliko kifuniko cha soda.

Kazi ya msasa waweza kuifanya mwenyewe jioni. Anza na namba 80, endelea na 120, umalize na 220. Ifanyie nje, mbali na mtoto, kwa maana vumbi la mbao si zuri kwa mapafu.

Baba watoto, kazi hii si ya mama peke yake. Keti na mtoto robo saa. Weka kipande kimoja juu ya kingine, kisha ungoje. Karibu na mwaka mmoja na nusu, watoto wengi huweza kupandanisha vipande 3. Wafikapo miaka 2, wengi huweza 6. Wako akichelewa, usimkemee wala usimshike mkono. Mnara ukianguka, mwache acheke na kuanza tena, kwa kuwa huko ndiko kujifunza. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Kila wiki vioshe kwa maji na sabuni, uvipanguse na kuvianika kivulini, usiviloweke. Kipande kikipata ufa, kitupe.

Jioni ya leo, kabla ya kufungia kuku, zunguka uani na mfuko mkononi. Okota kila kifuniko cha dawa, kila betri na kila msumari uliolala chini, uvifungie mahali mtoto asipofika. Kesho asubuhi pitia kwa fundi.