Jini ya Leseni na Pipa la Sumu

Nchini Uganda, waragi ni kazi ya nyumbani tangu zamani, na mara nyingi ni kazi ya mume na mke. Mmoja huchachua ndizi au sukari guru. Mwingine husimamia moto na kuuza. Vyombo vyao ni pipa, bomba na maji ya kupoza. Katika nchi nyingine wapo mume na mke wanaofungua kiwanda kidogo cha jini chenye leseni, na kuwakaribisha watu waje kujifunza upishi huo kwa mikono yao wenyewe. Kwa asili kazi ni ile ile. Linalozitenganisha ni jambo ambalo kila askari wa jeshi na polisi anapaswa kulielewa.

Historia yenyewe inamhusu askari. Maarifa ya kupika kinywaji hiki yalienezwa sana na askari Wanubi, waliotoka Sudan wakaingia katika jeshi la kikoloni, hata Waingereza wakakiita jini ya Kinubi. Wako wanaosema kwamba neno waragi limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Wengine hulihusisha na araki ya Waarabu. Mwaka 1965, miaka mitatu baada ya Uhuru, Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli. Shabaha yake ilikuwa kuuweka upishi chini ya leseni, na kinywaji cha wanavijiji kipelekwe kiwandani kikasafishwe upya. Hata hivyo, mitambo mingi ya vijijini iliendelea kufanya kazi nje ya sheria hiyo.

Kanuni ya upishi ni nyepesi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na alkoholi kwa nyuzi 78. Kitu kilichochachuka kikitiwa moto, alkoholi hutangulia kupanda kwa mvuke, ikapita katika bomba lililopozwa na kudondoka ikiwa kali zaidi. Mpishi hodari huutenga mdondoko wa kwanza, wenye harufu mbaya, na ule hafifu wa mwisho. Huutumia wa katikati tu. Jini ina hatua moja zaidi: alkoholi safi huchemshwa tena na kutoneshwa pamoja na matunda ya junipa, mbegu za giligilani na maganda ya limau. Junipa si mgeni Afrika Mashariki, kwani mtarakwa wa milimani ni wa ukoo huo, na jijini Nairobi jini imetengenezwa kwa matunda yake.

Je, sumu hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka katika chungu kichafu cha kijijini. Ukweli ni kwamba ndizi na sukari guru huzaa methanoli kidogo mno. Misiba inayoua watu kwa makumi husababishwa hasa na methanoli ya viwandani, ambayo mfanyabiashara mwenye tamaa huimimina ndani ya pombe ili azidishe ujazo na faida. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Wala kutupa mdondoko wa kwanza hakuiondoi. Mwezi Aprili 2010, waragi iliyochanganywa hivyo iliua watu wapatao 80 wilayani Kabale.

Aliyekunywa methanoli huonekana kama mlevi wa kawaida. Baada ya saa nyingi, pengine siku ya pili, ndipo hutapika, hupumua kwa shida na kuona ukungu, kwa maana sumu imegeuka asidi mwilini na kushambulia mishipa ya macho. Kwa hiyo, mahabusu mlevi anayelalamika kwamba haoni vizuri asiachwe alale mpaka pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja. Dawa zipo, nazo hufaa zikiwahi.

Hapo ndipo thamani ya leseni inapoonekana. Mume na mke wenye leseni hujulikana mahali walipo. Ukali wa kinywaji chao hupimwa, chupa zao zina alama, ushuru hulipwa, na mkaguzi huingia mchana. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi wakuu walisita kutoa leseni kwa mitambo isiyofikia lita 1,800. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha London chenye mtambo mdogo kilipata leseni, na vingine vingi vikafuata. Katika baadhi yao kila mgeni huwekewa mtambo mdogo wa shaba, akachagua viungo, akaona mdondoko unavyotengwa. Mtu aliyefundishwa hivyo hadanganyiki kirahisi na chupa isiyo na asili.

Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2010, iliondoa marufuku ya chang'aa na kuiweka chini ya leseni. Lakini sheria pekee haikutosha. Mwezi Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe ambayo Serikali ilisema ilikuwa kielelezo cha kesi kilichoibwa katika kituo cha polisi. Sumu iliyokwisha kukamatwa ilirudi mtaani na kuua.

Hakuna asemaye kwamba jini ya leseni ni maziwa. Huharibu nyumba ikinywewa bila kiasi, na askari mlevi ni hatari kwa wenzake. Lakini msako unaovunja chungu cha mama mzee na kuliacha pipa la methanoli likipita kizuizini haujamwokoa mtu. Ni wajibu wa askari kuuliza pipa limetoka wapi na linakwenda kwa nani, na kukilinda kielelezo mpaka kiteketezwe kwa amri ya mahakama. Naye mpishi mdogo aonyeshwe njia ya leseni na kufundishwa kazi yake, ili afanye biashara yake mahali panapoonekana.