Gramu 5 Kwenye Lango la Ikoma

Anayefika lango la Ikoma kuingia Serengeti akiwa na mfuko wa rambo amebeba plastiki ya gramu 5 hivi. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Juni 2019, faini ya kukutwa nao haishuki chini ya shilingi 30,000. Kila gramu, shilingi 6,000. Wengi huona adhabu imezidi kosa. Mimi naona kiasi hicho kinalipa gharama ambayo dukani haikulipwa na mtu yeyote, na kemia inaonyesha ilikojificha.

Rambo ni polithini, na polithini hutokana na gesi ya etilini, alkeni ndogo kuliko zote: kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu, na haidrojeni nne. Moli moja ina gramu 28. Gramu 5, basi, ni moli 0.18, yaani lita 4 na ushei za gesi isiyoonekana. Idadi ya molekuli zake ni 1 ikifuatwa na sufuri 23.

Sasa tazama matumizi ya nishati. Kwa jedwali la bondi linalotumika shuleni, kuvunja bondi maradufu ya kaboni huhitaji kilojuli 612 kwa moli. Bondi moja ya kawaida, 348. Katika mmenyuko wa nyongeza, unaounganisha molekuli hizo kuwa mnyororo mrefu wa polithini, kila etilini inafungua bondi maradufu na kujipatia bondi mbili za kawaida, jumla 696. Kilojuli 84 zinabaki, na hutoka kama joto. Kwa mfuko mmoja joto hilo ni kilojuli 15: linatosha kuchemsha maji ya kikombe kidogo cha kahawa, mililita 45.

Kikombe kimoja si kitu. Lakini kiwanda cha tani 400,000 kwa mwaka hutoa joto la megawati 38 usiku na mchana, wakati mitambo ya umeme ya Hale, Tanga, ina uwezo wa megawati 21. Kazi ngumu kiwandani ni kupoza, maana mmenyuko ukishaanza unajisukuma wenyewe. Tena hakuna makapi: kilo ya gesi iliyoungana ni kilo ya plastiki. Wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walipoipata polithini, kama nta nyeupe, Uingereza mwaka 1933, kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya hewa tunayovuta, walikuwa wamegusa moja ya bidhaa rahisi kuliko zote kuzalishwa.

Urahisi huo ndio unaotugharimu. Nyongeza ikikamilika, bondi maradufu zimekwisha. Maji ya bromini, ambayo etilini huyaondolea rangi mara moja, hayashtuki yakiwekwa kwenye polithini. Bakteria nao hawapati pa kushika. Kurudi nyuma kunadai zile kilojuli 84 zirudishwe, katika joto la zaidi ya nyuzi 400, na kinachopatikana ni mchanganyiko wa gesi na mafuta, si etilini safi. Ng'ombe wa Robanda, kijiji cha karibu na lango hilo, akiumeza mfuko, tumbo lake halina tanuri hilo. Unabaki humo.

Sheria ilileta mifuko mbadala, na hapa nina wasiwasi. Ule laini unaofanana na kitambaa, wa gramu 70 kwa mita ya mraba, ni polipropilini: inatokana na alkeni nyingine, kwa mmenyuko uleule wa nyongeza. Mfuko wa sentimita 30 kwa 40 una pande mbili, mita za mraba 0.24, hivyo uzito wake ni karibu gramu 17. Hiyo ni zaidi ya rambo tatu. Ukitumika mara moja ukatupwa, tumeongeza plastiki porini badala ya kuipunguza. Faida inaanza safari ya nne ya sokoni Mugumu, kama jua halijaula, kwa sababu katika polipropilini kila kaboni ya pili ina tawi, na hapo ndipo oksijeni na mwanga hupata pa kuingilia. Nyuzi zake hukatika vipande vidogo ambavyo hakuna askari wa lango atakayeviona.