Picha za Jamaa: Tunza Asilia, Tuma Nakala

Mzee mmoja wa Temeke alipofariki dunia, wanawe walitaka picha yake kubwa ya kutundika ukutani. Picha ilikuwapo. Ilipigwa kwa simu siku ya arusi ya mjukuu, ikatumwa kwa jamaa wote, kisha simu iliyoipiga ikapotea. Studio ilipoikuza, uso wa mzee ukageuka vijisanduku. Kosa halikuwa la studio: kilichosalia kilikuwa nakala iliyokwisha punguzwa njiani.

Huzuni ya namna hiyo yaweza kuepukwa, ndugu msomaji, iwapo tutafahamu kwamba mafaili ya picha si ya aina moja, na kila aina ina kazi yake.

Iliyoenea zaidi ni JPEG, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Hiyo huibana picha kwa kuyatupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi, hasa tofauti ndogo ndogo za rangi. Ndiyo maana faili lake ni dogo na hutumwa upesi. Lakini kilichotupwa hakirudi. Na kila mara picha inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya, kingine huweza kutupwa. Kuitazama tu, au kuinakili kama ilivyo, hakuidhuru.

PNG, ya mwaka 1996, hubana bila kutupa kitu. Yafaa kwa michoro, nembo na maandishi, kwani herufi hubaki kali. Kwa picha za watu, faili lake huwa kubwa mno. Wala tusidanganyike kwamba kuigeuza JPEG iwe PNG kutarudisha kilichopotea. Huko ni kumimina maji ya chumvi katika mtungi safi.

Wenye picha za karatasi za wazee wetu, wanapozipitisha kwenye skana, wazihifadhi kwa TIFF, aina iliyoanza mwaka 1986 na inayoaminiwa na watunza nyaraka. Nayo HEIC, iliyoingia katika simu za iPhone mwaka 2017, huchukua takriban nusu ya nafasi ya JPEG, ila si kila kompyuta huifungua. Basi ukimpelekea jamaa, geuza nakala iwe JPEG, nawe ubaki na asilia.

Jambo kubwa ndilo hilo: asilia ni ya kutunza, nakala ni ya kutuma. Mitandao mingi ya ujumbe huipunguza picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Itume kama hati, ifike kamili. Kisha asilia iwekwe mahali pawili, kwani simu huanguka na huibwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sura za wazazi wetu nazo ni mali.