Nguvu ya mine haitoshi ku mlima

Leadville ni mji mdogo wa wachimbaji, katika jimbo la Colorado, kule Marekani. Uko juu sana: zaidi ya mita 3.000. Kolwezi yetu iko karibu mita 1.400, kwa hiyo Leadville ni mara mbili ya Kolwezi. Miaka mingi watu wa kule waliishi kwa mshahara wa mugodi mmoja, Climax, wenye kutoa molibideni, madini yanayotiwa ndani ya chuma ili ikomae. Mwaka 1982 bei ilianguka, na mugodi ukafungwa. Watu karibu 3.000 walijikuta bila kazi. Wenye kuona «départ volontaire» ya 2003 hapa Katanga wanajua mji unanyamaza namna gani wakati mshahara unakatika.

Mmoja wa wachimbaji wale, Ken Chlouber, alitafuta kitu cha kuleta wageni: walale, wakule, waache feza mu mji. Akapanga mashindano ya mbio za miguu kupitia njia za mlima: kilomita 161, na kila mtu amalize ndani ya saa 30. Mukubwa wa hospitali ya mji alimuambia kwamba ataua watu. Chlouber hakuacha. Mwaka 1983 watu 45 walianza. Waliomaliza walikuwa 10 tu.

Mwili unadai mazoezi yake

Mtu wa mine anaweza kusema: «Miye nasimama saa 12 mu poste, nabeba mizigo, mbio ni kitu gani?» Ni pale wengi wanaanguka. Nguvu ya mikono na mgongo ni ingine, nguvu ya kukimbia mchana na usiku ni ingine.

Mbio ya Leadville inaanza mwezi wa nane, siku ya posho, saa 10 ya usiku, mbele jua halijatoka. Inakwisha kesho yake, siku ya Mungu, saa 4 ya asubuhi. Katikati kuna mlima unaoitwa Hope Pass, wenye kupita mita 3.800. Mkimbiaji anaupanda, anashuka ngambo ingine mpaka Winfield, ku kilomita 80. Kisha anageuka na kuupanda tena mlima ule ule. Kila mwaka watu wengi sana wanarudi nyumbani bila kumaliza.

Shida ya kwanza ni hewa. Kule juu, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, karibu sehemu moja ya tatu kuliko Muanda pembeni ya bahari. Mwili unaweza kuzoea, lakini unaomba wiki nyingi, si siku mbili.

Ya pili ni mteremko. Watu wanaogopa kupanda, lakini kushuka ndiko kunapasua nyama za mapaja. Mwenye hakufanya mazoezi ya kushuka, nyama zinavunjika ndani, uchafu wake unaingia mu damu na kuziba mafigo. Waokoaji wa mine wanajua jambo hili: mtu aliyetolewa chini ya mawe anaweza kuonekana mzima, kisha mafigo yanasimama. Ni ugonjwa ule ule. Na mwenye kumeza dawa za maumivu sawa ibuprofène huku mwili umekauka, anaongeza hatari.

Ya tatu ni maji. Kukosa maji ni kubaya, lakini kunywa maji matupu kupita kiasi nako kunapunguza chumvi ya damu, na mtu anaweza kupoteza akili, hata kufa. Kwa hiyo wanakunywa kufuatana na kiu, na wanakula njiani.

Walishindwa, wakarudi

Mwaka 1992 walifika Watarahumara, watu wa milima ya Mexico wanaojulikana kwa kukimbia mbali sana. Miguu yao ilikuwa tayari, lakini hakuna mtu aliyewafundisha mbio ya kigeni. Ku vituo vya chakula walisimama pembeni wakingoja, hawakujua kwamba chakula ni chao. Taa za mkono walizishika zikimulika mbinguni, sawa vile mtu anashika mwenge. Wote waliacha njiani.

Mwaka 1993 walirudi, mara hii wanajua namna kazi inaenda. Victoriano Churro, mwenye miaka 55, alishinda akivaa sandali za pneu. Mwenzake akawa wa pili, mwingine wa tano. Kilichobadilika kati ya miaka ile miwili ni maelezo.

Sisi wa sendika tusikie neno hili vizuri. Mara ngapi kijana mwenye nguvu anateremushwa mu mine siku yake ya kwanza, na nguvu ile inahesabiwa kuwa mafundisho? Anapewa kofia na taa, lakini hakuna mwenye kumuonyesha dari mbaya inalia namna gani.

Haki ya kusimama

Ku Leadville kila kituo kina saa yake. Ukifika nyuma ya saa ile, mbio yako imekwisha, hata kama unalia. Munganga naye anaweza kukutoa. Hakuna anayekuita mwoga, na mwaka kesho unaweza kuandikwa tena. Mu mine pia tunaomba kitu kile kile: mtu anayeona hatari aseme «tusimame», na asikatwe mshahara juu ya neno lile.

Vijana wenye kutaka kukimbia mbali wasikatazwe. Waanze na kilomita 10, waongeze kidogo kidogo kwa miezi mingi, wajifunze kushuka mlima, kula huku wanatembea, na kwenda na mwenzao. Bibi na watoto nyumbani wajue njia wanayopita na saa ya kurudi.

Mugodi wa Climax ulifunguliwa tena mwaka 2012. Mbio ingali inakimbiwa kila mwezi wa nane. Haikuweza kulipa mishahara 3.000 iliyokatika, lakini wageni bado wanakuja, wanalala, wanakula, na mji ule haukufa.