Tanzanaiti: jua kilichomo ndani ya jiwe kabla ya kutoa fedha

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, anayepita Kobero au Mugina kwenda Tanzania, hutambua mchele mzuri kwa macho na kitenge kwa vidole. Akionyeshwa jiwe la buluu, macho peke yake hayatoshi. Kipande cha kioo kinaweza kumeza mtaji wa mwaka mzima.

Tanzanaiti huchimbwa kibiashara mahali pamoja tu duniani: Mirerani, wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina la nchi lilikotoka.

Wataalamu huliita zoisaiti. Ndani yake mna kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Vitu hivyo peke yake havitoi rangi. Buluu huletwa na vanadi, kiasi kidogo sana kilichokaa mahali pa alumini.

Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia. Hupashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, kahawia ikaondoka na buluu ikabaki. Huo si udanganyifu. Ni desturi ya soko, na rangi hiyo haichujuki.

Yakuti ya buluu ni kitu kingine kabisa: ni alumini na oksijeni, iliyotiwa rangi na chuma na titani. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs chenye daraja 10, wakati tanzanaiti ni 6 hadi 7. Anayeuza tanzanaiti kwa jina la yakuti anamdanganya mteja.

Namna rahisi ya kuanza ukaguzi ni kuligeuza jiwe polepole kwenye mwanga. Tanzanaiti huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kioo hubaki na rangi ileile. Hata hivyo, yapo mawe mengine yanayobadilika rangi, hivyo neno la mwisho ni la maabara ya vito. Kulikwaruza jiwe ili kulipima ni kuharibu mali.

Jiwe likiwa halali, bado kuna mpaka. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakichukui nafasi ya kibali cha kusafirisha madini, ambacho Tanzania hutoa kupitia Tume ya Madini. Jiwe lililofichwa mfukoni bila kibali huhesabiwa kuwa la magendo na linaweza kutaifishwa.

Anayetaka biashara hii aanzie kwenye masoko rasmi ya madini, ambayo Tanzania ilianza kuyafungua mwaka 2019. Huko jiwe hupimwa, huthaminiwa, na mnunuzi huondoka na karatasi mkononi. Muuzaji wa njiani asiyetaka jiwe lake lipimwe ameshajibu swali.