Mbono wa Uani na Mbono wa Shambani

Wazee wetu waliujua mti wa mbono kwa kazi mbili: kuweka alama ya kaburi, ndiyo maana ukaitwa mbono kaburi, na kuzungushia boma, kwa kuwa majani yake yana sumu na mbuzi hawayali hata wakati wa kiangazi kikali.

Basi bei ya mafuta ilipopanda, hata pipa moja likapita dola 140 mwezi wa Julai 2008, na mwisho wa mwaka huohuo ndege ya Air New Zealand ikaruka kwa majaribio huku injini yake moja ikitumia mafuta yaliyochanganywa na ya mbono, mkulima wa Monduli, wa Kitui na wa Kwale alijiwa na wageni waliomwambia kuwa mti huu hautaki maji wala mbolea, kwamba utamea pale ambapo mahindi yamekufa, na kwamba mbegu zake zitanunuliwa zote. Wengi walipanda. Siwalaumu hata kidogo, maana mtu ambaye mvua imemhini misimu mitatu ana haki ya kusadiki mmea usiokufa.

Nao kweli haukufa. Kosa lilikuwa katika kudhani ya kuwa kuishi na kuzaa ni jambo moja. Jua likizidi, mbono hupukutisha majani, huhifadhi maji katika shina lake nene laini, na kusubiri. Hiyo ni hekima ya kuishi, lakini mti usio na jani haupiki mafuta, na katika ardhi iliyochoka mkulima aliyengoja miaka mitatu alivuna konzi za mbegu mahali alipoahidiwa magunia.

Mavuno yenyewe yataka subira. Kichala kimoja huwa na matunda mabichi, ya manjano na meusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchumaji hurudi tena na tena. Kila tunda huwa na mbegu nyeusi mbili au tatu, aghalabu tatu; kilo moja yataka mbegu kama 1,400, na lita moja ya mafuta yataka kilo nne hivi kwa kinu cha kijijini. Hayo ni karibu matunda 2,000, yachumwe na kumenywa kwa vidole, kwa lita moja ambayo haina budi kushindana na dizeli ya kituoni.

Mwaka 2009 watafiti waliozungukia wakulima wadogo wa Kenya walikata shauri kwamba mbono wa shambani, uwe peke yake au kati ya mazao mengine, hauwalipi, wakausia upandwe kuwa ua tu.

Leo ni mbarika, mmea mwingine wa mbegu za mafuta, unaonadiwa Makueni, ambako kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kinu mwaka 2022. Mbarika huzaa kwa miezi, si kwa miaka, na hilo ni jema. Hata hivyo ningependa mkulima aulize kwanza kilo itanunuliwa kwa bei gani, na nani atabeba hasara mvua ikikosa.

Ama mbono wa uani, huko Arusha wanawake waliuchuma pasipo kutoa hata hatua moja ya shamba la mahindi, wakakamua mafuta na kuyapika kwa soda kali mpaka yakawa sabuni, ambayo iliwapa fedha zaidi kuliko mafuta yenyewe kama yangaliuzwa kuwa ya taa; na mashudu yaliyobaki, ambayo ng'ombe hawezi kulishwa kwa sababu ya sumu yake, yalirudi shambani kuwa mbolea.