GV na Utelezi wa Ndoo ya Maji

Pitisha kidole ndani ya ndoo ya maji ambayo haijasuguliwa wiki mbili, iwe Bombambili au mtaa mwingine wowote wa Songea. Kitateleza. Utelezi huo ni utando wa bakteria waliojishikiza kwenye plastiki, wakatoa ute na kujifunika nao. Klorini huwafikia kwa shida walio chini ya ute. Ndiyo maana anayetia mchanga kwenye dumu na kulitikisa kwa nguvu anafanya kazi ambayo dawa peke yake haiimudu, ingawa mikwaruzo inayobaki nayo huwapa bakteria pa kushika.

Kuupima utando huo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Rangi inayotumika maabara duniani kote, kristali vayoleti, ndiyo kiini cha GV, ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo. GV ya asilimia 0.5 huzimuliwa kwa maji, sehemu moja kwa nne, ifikie 0.1 ya maabara. Tumbukiza vipande vya kioo vyenye ukubwa sawa kwenye maji kwa siku kadhaa, vitoe, visuuze taratibu, vipake rangi dakika 15, visuuze tena hadi maji yatoke meupe, viache vikauke. Zambarau iliyobaki imeshikwa na utando. Iyeyushe kwa spiriti ya kiasi kilekile kwa kila kipande, kisha piga picha kwa simu chini ya mwanga uleule: rangi ikikolea, utando ulikuwa mwingi. Ila rangi haibagui bakteria aliye hai na aliyekufa, na hapo wengi hudanganyika.

Anayetaka kuwaona wenyewe anahitaji darubini, nayo imeshuka bei. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, Taasisi ya Afya Ifakara na Bongo Tech ya Dar es Salaam walieleza OpenFlexure, darubini ya plastiki inayochapwa kwa printa ya 3D na kuendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Michoro yake hutolewa bure, na vijidudu vya malaria imevionyesha. Kwangu mimi faida kubwa ni kwamba ikiharibika, kipuri kinachapwa hapahapa nchini.

Walimu wa biolojia, msisubiri darubini. Anzeni na GV. Vaeni glavu na sare zikae mbali, maana rangi hiyo ikishika kitambaa haitoki.